Mjukuu wa Mbwa

Nimechoka na nasaba za watu. Naanza hivyo ili anayesoma ajue mapema anasimuliwa na nani. Nimekaa nyumba moja na watu wawili, mama yangu mzazi na mume wangu wa tatu, na kila mmoja alikuwa na ukoo mrefu kuliko kamba ya kisima, na kila mmoja alitaka mimi niushike kwa kichwa. Mama akianza, anaanza na Shirazi na babu zake walioshukia Kaole. Mume wangu akianza, anaanza na mtu mmoja aliyelinda kivuko cha mto, huko kisiwani kwao kwenye baridi. Katikati nipo mimi na ungo wangu, napepeta mchele, naitikia ehe, naam, nasikia.

Mume wangu alikuwa Mzungu. Najua mtu wa Bagamoyo akisikia hivyo atadhani nasema padre, au mmoja wa hawa Wadachi waliokuja juzi na bendera yao. Sivyo. Huyu alikuwa mshonaji wa matanga, baadaye mshonaji wa mahema ya misafara, na alikuwa Mwislamu, amezikwa kwa sanda kama watu wote. Na siku aliyozikwa, katika ukoo wake wote ule tulitakiwa kitu kimoja tu. Kwetu mtu akishafukiwa, mwalimu hukaa upande wa kichwa cha kaburi akamsomea talakini, yaani humfundisha maiti namna ya kuwajibu malaika watakapokuja kumhoji. Na ili maiti ajue kuwa ndiye anayesemezwa, huitwa kwa jina lake na jina la mama yake. Si la baba. Mimi baba zake nilikuwa nao wote, naweza kuwataja hata sasa huku nikikuna nazi. Mama yake sikuwa naye.

Jina lenyewe la ukoo sitalitaja. Ulimi wangu haukuliweza kamwe, na kila nilipojaribu yeye alicheka mpaka akashika mbavu. Tena mama alilipiga marufuku ndani ya nyumba kabla sijaolewa, na alikuwa na sababu yake.

Mume wangu alikuja Bagamoyo kutoka Saadani. Alikuwa baharia wa manowari za Kiingereza, zile zinazofukuza vyombo vya watumwa, na homa ilipomzidi wakamshusha pale apone au afe. Akapona. Manowari iliporudi kumchukua, yeye alikwisha jificha bara kwa wachemsha chumvi. Kila aliyemwuliza kwa nini, alimjibu jibu moja, kwamba amechoka kuwavulia kofia Waingereza. Watu wakacheka. Kwani wewe ni nani, si Mwingereza? Basi shingo ikamwiva pale pale. Akasema yeye kwao ni Ayalandi, kisiwa cha nyuma ya Uingereza, na kwamba Mwingereza kwake ni kama alivyo kwetu mtu aliyekuja kukaa nyumbani kwako bila kualikwa akakuuliza wewe unafanya nini hapa. Hakuna aliyemwelewa. Siku hizi, tangu Wadachi waje, wapo wanaomwelewa.

Alisilimu kwa mwalimu wa mtaa wetu, akapata kazi kwa Mhindi mmoja aliyewauzia wasafiri mahema. Alikaa barazani kutwa, kiganjani amevaa kipande cha ngozi cha kusukumia sindano, uzi wake ameupaka nta. Mimi nilikuwa nikipita hapo asubuhi na sinia la vitumbua. Alianza kwa kununua viwili, akafika mahali ananunua sinia zima, na tumbo lake halikuwa kubwa kiasi hicho. Nikajua.

Wakati huo nimeshaachwa mara mbili. Wa kwanza alikwenda Unyanyembe na msafara, talaka akaniletea kwa mdomo wa mpagazi. Wa pili tuligombana, nikarudishwa kwa mama na kitanda changu. Wote wawili walikuwa watu wa asili, mama ndiye aliyewachagua, na kabla ya kila ndoa alipekua koo zao kama mtu anayechambua mchele wa mgeni.

Siku ya posa, ami yangu, ndugu wa marehemu baba, ndiye aliyekuwa walii wangu, wa kuniozesha. Mwalimu alimleta Mzungu, wakakaa sebuleni. Mama na mimi tulikuwa nyuma ya pazia. Mwalimu alikwisha mfundisha njiani: akiulizwa asili, aseme jina la baba wanalopewa wote waliosilimu, la mja wa Mungu, basi, mambo yaishe. Mama akauliza kutoka nyuma ya pazia, "Asili yake?" Na yule bwana akakataa. Akasema, kwa Kiswahili chake cha Saadani, "Mimi nina baba. Na baba yangu ana baba. Niwataje."

Akawataja. Akaeleza kwamba zamani sana, kabla Waingereza hawajafika, kisiwa chao kilikuwa na wafalme wadogo wadogo, kila bonde na wake. Mfalme mmoja alikuwa na askari aliyelinda kivuko cha mto, haondoki, hasinzii, adui hapiti. Mfalme akampa jina la heshima. Akamwita Mbwa. Wajukuu zake wakajiita Wajukuu wa Mbwa, na hilo ndilo jina la ukoo mpaka leo, nalo ni jina kongwe, lilikuwapo kabla watu wengi wa Ulaya hawajawa na majina ya koo. Alisema hayo amekaa wima, mikono juu ya magoti, na kila jambo alilitamka kwa fahari.

Ami alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Akakiweka chini polepole.

"Amesema nini?" mama akauliza.

Mwalimu akamtazama ami.

"Nimeuliza, amesema nini?"

"Anasema babu yake alikuwa mlinzi, Bibi," akasema mwalimu.

"Nimesikia mbwa."

"Mlinzi, Bibi. Kwao neno hilo ni sifa."

"Kwao. Na mwanangu anaolewa kwao au anaolewa hapa?"

Mwenye posa hakuona kosa liko wapi. Akaanza kueleza jinsi mbwa wa kwao walivyo wakubwa na hodari, mpaka mwalimu akamfinya paja. Mimi nyuma ya pazia nilikuwa nimejitia upande wa kanga mdomoni, machozi yananitoka kwa kucheka, na mama akanifinya mimi. Akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mtu hana mbele wala nyuma, na hicho kidogo alichonacho ni mbwa. Nikawaambie watu nini?"

Waliondoka bila jibu. Jioni nikamwambia mama kwamba nitaolewa naye. Akaniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia watu wa asili nimeshaolewa nao mara mbili, na mara zote mbili yeye ndiye aliyenifungulia mlango niliporudi. Akafunga upya kanga yake. Kisha akasema, "Basi hilo neno nisilisikie ndani ya nyumba yangu." Tukaozwa kwa jina la mja wa Mungu, na siku ile bwana harusi alinyamaza kwa heshima. Siku ile tu.

Maana baada ya hapo ilikuwa kila siku baada ya alasiri. Anakuja na hema la mtu la kumalizia, anakaa uani, anaanza. Nilijifunza jinsi wajukuu wa yule mlinzi walivyogawana ng'ombe, wengine wakaenda mlimani na wengine wakabaki mtoni. Nilijifunza jinsi Waingereza walivyoingia, wakachukua mashamba, na jinsi mtu mwenye jina la Kiayalandi alivyokuwa hapati kazi wala kipande cha ardhi. Babu wa babu yake ndiye aliyelikata jina. Akaondoa ile sehemu ya mbele inayosema "mjukuu wa", akalibakiza shina, Waingereza wakalitamka walivyotaka, likawa halina maana yoyote. Watu walilivaa hivyo hivyo muda mrefu, kama nguo ya mtu mwingine. Kisha ami yake, aliyemlea, akalirudisha. Hakulirudisha kwa karatasi, alilirudisha kwa mdomo. Kila jioni alimsimamisha mtoto karibu na moto, akamtajisha baba zake mmoja mmoja mpaka kwa yule wa kivukoni, na asipowamaliza hali.

"Hali chakula?" nikamwuliza.

"Hali. Ndiyo maana sijasahau."

Mama naye alikuwa hawezi kusikia ukoo wa mtu bila kutoa wake. Lakini mkwe na mama mkwe wana heshima zao, hawasemezani hivi hivi. Asubuhi yeye atasema, "Shikamoo, mama," na mama atajibu "Marahaba" akiwa ametazama ukuta, yamekwisha. Yaliyobaki yote yanapita kwangu. Wote wawili wamekaa uani, mmoja huku na mmoja kule, nami katikati.

"Mwambie mumeo kwamba wakati babu yake analinda mto, wangu walikuwa wanajenga msikiti wa mawe Kaole."

"Mwambie mama kwamba babu yangu hakuhitaji ukuta."

"Mwambie ukuta bado upo, akautazame. Huo mto wake nani ameuona?"

Ewe Mola, nilichoka. Nilikuwa nikilala naota majina. Kuna siku moja nilimkata mama katikati ya maneno. Nikamwambia, haya, baba zako nimewasikia wote, na mama yako je? Bibi yangu mimi alikuwa binti nani? Maana alikufa mimi sijazaliwa, na sikuwahi kusikia mtu akimtaja.

Mama akasema, "Binti wa watu. Funika chungu hicho, wali utaingia moshi."

Kisha ukaja mwaka wa njaa. Mvua zilikatika huko bara, kwa Wazigua na Wakwere, na watu wakaanza kuteremka mjini. Wengine walikuja kutafuta kibarua, wengine walikuja kujiweka rehani kwa wenye chakula, wao na watoto wao. Sisi tulikuwa na muhogo kidogo kutoka shamba la mama la Zinga, na kazi ya mahema ilikuwapo, maana misafara ya Wazungu haikujua njaa.

Mume wangu alibadilika mwaka ule. Zile hadithi za ukoo zilikatika kabisa. Nikafurahi, sitasema uongo, nikajua nimepumzika. Badala yake akanitaka nipike sufuria kubwa ya uji kila asubuhi, na watoto wa njaa wakajua mlango. Yeye mwenyewe ndiye aliyegawa. Na kila mtoto aliyefika, kabla hajaondoka, alimwuliza, "Mama yako anaitwa nani?"

Mtoto atasema, "Mama."

"Najua ni mama. Jina lake."

Mtoto asiyejua, mume wangu alimshika mkono akatoka naye kwenda kumtafuta mama yake kule walikolala, au mtu yeyote wa kijiji chao, aulize. Akirudi, alimtajisha yule mtoto jina lile mpaka akalishika. Mama yangu alikasirika. "Mwambie mumeo mtoto ana njaa, yeye anamfanyia mtihani." Nikapeleka ujumbe kama kawaida. Akasema, "Apewe uji kwanza. Ale ashibe. Lakini asiondoke bila jina." Mimi nikasema moyoni, mambo ya Wazungu haya, wao kila kitu lazima wakiulize jina.

Alikuwapo mmoja kutoka upande wa Fukayosi, katoto kembamba, macho tu. Mama yake alikuwa amefia njiani. Mume wangu alizunguka naye mji mzima hata kazi hakwenda, na hakupata mtu wa kumjua mama yule. Walirudi adhuhuri, akakaa na mtoto kwenye kivuli cha ukuta. Mama alikuwa akiwatazama kutoka jikoni. Halafu alikwenda akachukua mbuzi ya kukunia, akakuna nazi, akatia tui katika uji wa siku ile. Baada ya hapo hakusema tena neno juu ya mitihani. Yule mtoto alichukuliwa na wavuvi wa huku huku, anaishi mpaka leo.

Njaa ilipita, na kama mwaka mmoja mbele mume wangu akaanza kukohoa. Nilidhani vumbi la turubai. Tukampa asali na tangawizi, mwalimu akamwandikia kombe, aya za kuoshwa kwa maji, akanywa. Hakupata nafuu. Alipofika hali ya kushindwa kukaa barazani, akawa analala kitanda cha kamba uani, na sindano yake na kile kipande cha ngozi ameviweka chini ya mto.

Ijumaa moja baada ya sala mwalimu alikuja kumtazama. Alipotoka, alinivuta mlangoni.

"Jina la mama yake unalo?"

"Baba zake ninao wote, Mwalimu."

"Sikukuuliza baba."

Nikageuka nikamtazama mgonjwa kule uani.

"Lipate mapema," akasema. "Mgonjwa akizidiwa, ulimi hulegea."

Basi nikaanza kumwuliza. Kila nikimwuliza, ananitajia baba yake. Nikimwuliza baba yako alimwoa nani, ananirudisha kwa babu. Nikasema pengine hanielewi. Nikamweleza habari yote ya talakini, kwamba kule ndani ataitwa kwa jina la mama, na kwamba nataka aitwe vizuri asikie. Akanitazama, akacheka kidogo na kikohozi chake.

"Unataka kunizika?"

"Nataka nikuzike sawasawa."

Akafumba macho kama aliyelala. Hakuwa amelala, nilikuwa namjua.

Siku ile sikuweza tena. Nilikuwa sijapata usingizi wiki nzima, mgongo unaniuma kwa kumgeuza, mikono yangu inanuka dawa. Nikamwambia, tena kwa sauti, "Baba zako wote nimewabeba mimi hapa kichwani miaka yote hii, kuanzia huyo mlinzi wenu, na wote hao siku hiyo hawatakusaidia kitu. Nipe mwanamke mmoja. Mmoja tu."

Akageukia ukuta. Kisha akasema, bila kugeuka, "Silijui."

Nikadhani sikusikia vizuri.

Akasema kwao pia kulikuwa na njaa. Viazi ndivyo vilikuwa chakula chao, na viazi vilioza vyote vikiwa ardhini, shamba baada ya shamba, harufu ikafika mpaka ndani ya nyumba. Baba yake alitangulia kufa. Mama yake akamchukua wakatoka kwa miguu kwenda mahali walikosikia kunagawiwa supu. Yeye alikuwa mdogo, anabebwa kidogo, anatembea kidogo. Njiani mama yake alijilaza kando ya barabara. Yeye akakaa naye. Akapita mtu na gari la kukokotwa na punda, akamtia yeye garini, na mama yake wakamwacha pale kando ya barabara. Ami yake alipompata, mtoto alimwuliza, "Mama yangu anaitwa nani?" na ami akasema jina ni la baba. Ami hakupendezwa na ndoa ile tangu mwanzo. Kila jioni kando ya moto akamtajisha baba zake, na katika wote wale mwanamke hakuwamo.

"Nilimwita mama," akasema. "Nilikuwa mdogo. Hilo ndilo jina nililokuwa nalo."

Nikakumbuka zile bakuli za uji. Nikamfunika vizuri nikamshika mguu, nikakaa hapo.

Mama alikuwa mlango wa jikoni, anamenya muhogo. Alikuwa anasikia, kama kawaida yake. Niliona kisu kimesimama. Baadaye aliinua sinia lake akaingia ndani, na muhogo ule hatukuupika siku ile.

Mume wangu alifariki asubuhi, jua limekwisha panda. Mwalimu na ami yangu walimwosha. Mama ndiye aliyetoa sanda, kitambaa cha merikani alichojiwekea mwenyewe kwenye kasha tangu zamani, nami nilimwona akikitoa na sikumwuliza. Wanaume wakakaa barazani wanangoja jeneza. Kabla hawajaondoka, mwalimu alikuja mlango wa uani, akabisha hodi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulilipata?"

"Hakulijua, Mwalimu. Mama yake alimfia mdogo."

Akatikisa kichwa. "Usihuzunike. Vitabu vimetaja. Asiyejulikana mama yake huitwa mwana wa Hawa. Sisi sote ni wana wa Hawa. Hakuna kosa."

Nikasema haya. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kukubali chochote. Angeniambia mwache tu aende bila jina ningekubali vilevile.

"Hapana," akasema mama.

Alikuwa nyuma yangu, ameshika chetezo cha ubani, moshi unampita usoni.

"Hawa ana watoto wengi, Mwalimu. Huyu tulikuwa naye humu ndani. Mwite kwa jina langu."

"Bibi, wewe si mama yake."

"Najua mimi si mama yake. Sijazeeka kiasi cha kusahau niliyemzaa." Akaweka chetezo chini. "Nitakwambia jambo, na huyu mwanangu asikie, maana hajapata kulisikia. Mama yangu mimi alikuja mji huu kutoka Uzigua, amefungwa. Baba yangu alimnunua. Jina alilokuja nalo hakuna aliyemwuliza. Walimpa jina la siku aliyonunuliwa. Na siku tuliyomzika, akaitwa kwa jina hilo la sokoni, binti wa Hawa. Niliambiwa kama unavyomwambia huyu, kwamba hakuna kosa. Nikanyamaza. Leo sinyamazi."

Mimi nilikuwa nimekua na Shirazi na Kaole masikioni tangu naanza kutambaa. Nilimtazama mama yangu kama ninayemwona mara ya kwanza. Yeye hakunitazama.

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. "Na malaika wakiuliza, Bibi?"

"Waambie mama mkwe wake ndiye aliyejitokeza. Wakitaka kunihoji, mimi sina safari ndefu, watanikuta."

Mwalimu alisimama pale, nikaona midomo yake inafanya hesabu na vitabu vyake. Mwisho akasema, "Jina lako nani, Bibi?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba hata yeye hakulijua. Mtaa mzima ulimwita Bibi, au Mama na jina langu mimi. Tangu baba afe sikuwahi kusikia mtu akimwita kwa jina lake. Mama akamwambia. Alilitamka kwa sauti ndogo, kama binti anayeulizwa na watu wa posa. Mwalimu akalirudia mara moja ili asilikosee, akatoka, wakambeba.

Wanawake hatuendi kaburini, kwa hiyo haya ni ya ami. Alikuja jioni, nguo zake zina udongo, akatusimulia. Alisema mwalimu alikaa upande wa kichwa, akamwita maiti mwana wa Hawa, kama vitabu vinavyosema. Kisha akanyamaza. Watu wakadhani anataka kukohoa. Akamwita tena, kwa jina lake, mwana wa mama yangu, na akamtaja mama kwa jina, mbele ya wanaume wote, ndipo akaendelea na maneno yaliyobaki mpaka mwisho.

Mama alisikiliza yote. Akasema, "Vizuri."

Ami akaenda zake. Nilikuwa nimeshavaa nguo za eda, nimekaa juu ya jamvi, mwili wote mzito, nataka kulala tu. Hatukuzaa mtoto mimi na yule bwana, kwa hiyo ukoo ule wote wa kisiwani ulikuwa umefika kwangu ukakoma. Nilikuwa nafikiri sasa naweza kuwasahau, mmoja mmoja, pole pole, na hakuna atakayenidai.

Mama akavuta kigoda akakaa mbele yangu.

"Haya," akasema. "Nitajie hao baba zake. Sasa ni watu wangu, siwezi kuwa siwajui."

"Mama, leo?"

"Leo."

"Nianzie wapi?"

"Si kuna yule wa kwanza, wa mtoni. Yule Mbwa. Anzia kwake."

Nikaanzia kwake.